Damu ya Tatu

Jumatatu, 14 Oktoba

Naandika kwa sababu sina wa kumtukana. Hudhaifa yuko kwao Micheweni, mie nipo hapa Mtambwe kwa wazee wangu nakaa eda, na katika nyumba hii watu hawagombani karafuu zikiwa jamvini.

Aliniacha mwishoni mwa mwezi uliopita, kwa ujumbe wa simu. "Mardhiya, nimekuacha talaka moja. Kila mmoja akatafute riziki yake." Riziki anayoisema ni mtoto. Miaka sita tumekaa, hatukupata. Hospitali nilikwenda mimi, nikapimwa kila cha kupimwa, nikaambiwa ni mzima, nimlete mume naye apimwe. Mume akasema ukoo wao hauna maradhi hayo.

Siku zangu zilikuwa zije Ijumaa. Hazijaja.

Jumanne, 15 Oktoba

Hazijaja. Mvua tangu alfajiri, karafuu tumezianua na kuzianika mpaka mikono imekufa ganzi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mama ameanza. Tulikuwa uwani tunachambua karafuu, ungo katikati yetu, akauliza bila ya kuinua kichwa.

"Bado?"

"Bado."

"Alhamdulillahi."

Nikamuuliza anashukuru kwa lipi. Akasema mtu hashukuru kwa jambo, hushukuru tu, nisimtafutie maneno.

Niliandike wazi, maana kila mtu ananieleza kana kwamba mie ndiye mgeni wa mwili huu. Nikiingia mwezini mara ya kwanza, ya pili, kisha ya tatu, hiyo damu ya tatu ikianza tu eda imekwisha, na Hudhaifa hana neno tena juu yangu. Kabla ya hapo neno lake moja linatosha kunirejea, nitake nisitake, hata kama nimelala usingizi. Na nikiwa na mimba, eda yangu ni mpaka nijifungue. Miezi yote hiyo niwe kama nyumba isiyo na komeo, mwenyewe anaingia siku anayotaka.

Miaka sita nimeililia mimba. Nimekunywa makombe ya aya, nimechemshiwa mizizi, nimekandwa tumbo na bibi mmoja wa Kojani mpaka nikazimia. Leo naiogopa. Na huku naiogopa, nikilala najikuta mkono uko tumboni. Hilo ndilo linalonitia hasira kuliko ujumbe wake.

Jumamosi, 19 Oktoba

"Bado?" mara mbili. Asubuhi na baada ya magharibi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Nimekwenda kituo cha afya. Nilitaka kwenda peke yangu, Mama akajifunga kanga yake ya pili akanifuata.

Nesi Saada tulisoma naye skuli, alinitangulia madarasa mawili. Akanipa kikopo, nikaenda, nikarudi. Kipimo kikaonyesha mstari mmoja.

"Hapana mimba," akasema. "Au ni mapema mno, maana pengine mwezi huu yai lilichelewa. Rudi baada ya wiki mbili. Lakini Mardhiya, umekonda. Unalala?"

"Silali."

"Unakula?"

Nikatazama kipimo mezani.

"Mshtuko peke yake huchelewesha. Nimeshaona hapa wanawake waliofiwa wakakaa miezi miwili bila kitu. Usijihesabie chochote."

Maneno yote haya Mama aliyasikia. Njiani nikamsikia anajisemea, "Ni mapema mno." Katika yote aliyosema Saada, ameondoka na hilo tu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimetapika. Nilikula pweza wa jana, na mtoto wa jirani aliyekula naye katapika. Mama kanishika mgongo, na nilipogeuka nikamkuta anatabasamu.

Jumamosi, 26 Oktoba

Leo ningeweza kuichoma moto nyumba.

Baba alikuwa barazani anasuka kamba, simu yake ikalia ujumbe wa sauti. Macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo, kwa hiyo hunipa mimi simu nimfungulie. Nikaufungua. Sauti ya Hudhaifa ikajaa baraza.

"Assalaam alaykum, Mzee Mbarouk. Nimesikia habari njema. Kama ni kweli Mardhiya ana mimba yangu, basi nimemrejea. Nitakuja kumchukua mvua zikipungua. Nisalimie wote."

Baba akaiweka kamba chini. Alinitazama, akatazama upande wa jikoni, akaokota tena kamba yake. Nilimwona mwoga. Naandika hivyo hivyo: baba yangu nilimwona mwoga.

Nikaenda jikoni.

"Umempigia nani, Mama?"

"Nani?"

"Nakuuliza wewe. Umempigia Bi Siti?"

Bi Siti ndiye mavyaa wangu, mama yake Hudhaifa. Mama akaendelea kukuna nazi.

"Nimemwambia dalili zipo. Dalili si uongo. Umechelewa, umetapika."

"Nilikula pweza mbovu."

"Wewe unajua nini? Hujazaa."

Maneno hayo, kutoka kwa mama yangu. Miaka sita nimeyasikia Micheweni, nimeyasikia visimani na harusini, nikawa nikija kwetu kupumua. Nikamwambia, "Hata wewe." Akaacha kukuna.

"Mie nataka urudi kwako," akasema. "Mwanamke aliyeachwa kwa kukosa mtoto nani atamwoa? Atakuja mzee mwenye wake watatu atake wa kumkanda miguu. Mungu kakufungulia mlango, wewe unataka kuusukuma."

"Mlango huo amefunguliwa yeye. Mimi nimefungiwa."

Nimelala bila kula. Nahisi nimeuzwa, na aliyeniuza anaamini kaninunulia kitu.

Jumatatu, 28 Oktoba

Bi Siti amekuja mwenyewe kutoka Micheweni na kikapu. Mayai ya kienyeji, mkungu mdogo wa ndizi, udongo wa kutafuna aliokumbuka kuwa waja wazito huutamani. Kaniita "mwanangu". Miaka sita aliniita "mke wa Hudhaifa", hata nikiwa nimekaa mbele yake.

Aliniwekea kiganja tumboni bila ya kuomba. Nilikuwa nimekaa chini na sikuweza kuinuka upesi. Akalikanda taratibu, macho kayafumba, akawa anasoma dua. Nilimwacha. Sijui kwa nini nilimwacha. Labda kwa sababu ya dua ile.

Kisha akasema, "Alhamdulillahi. Sasa wale wa Konde watanyamaza."

"Watu gani wa Konde, Bi Siti?"

Akajua kateleza. Mama akaleta chai kwa haraka, lakini nikauliza tena, na Bi Siti si mtu wa kusema uongo akiulizwa mara mbili. Hudhaifa ameposa Konde, binti aitwaye Nahla. Aliposa kabla hajaniacha. Baba wa binti kauliza mbona miaka sita hapana mtoto, na kama tatizo liko kwa mwanamume, basi binti yake hamtii shimoni. Posa imesimama wanangoja.

Kwa hiyo mimba yangu ni cheti chake. Atanirejea ili watu wamwone ni dume, kisha amwoe Nahla juu yangu. Na tumbo langu litakuwa ndilo lililokwenda kumposea.

Mayai nimemrudishia kikapuni. Mama kayatoa tena.

Ijumaa, 1 Novemba

Hapana kitu. Karafuu za chini jamvini zimeota ukungu. Baba bado hajasema neno.

Jumatatu, 4 Novemba

Wiki mbili zimetimia. Safari hii nimekwenda peke yangu, nimetoka Mama akiwa anasali dhuha. Mvua ikanishika njiani, nikafika kituoni nimerowa mpaka mifupani. Saada kanipa taulo, kisha kikopo.

Mstari mmoja. Kapima mara ya pili kwa kipimo kingine, mstari mmoja.

"Sasa nakwambia bila ya 'au'," akasema. "Huna mimba."

Nilimwambia ahsante, kwa sauti ya kawaida. Nikafika mpaka kwenye minazi ya shamba la jirani, nikakaa chini kwenye matope nikalia kama niliyefiwa. Sikumlilia Hudhaifa. Nimelia kwa sababu mkono ulikuwa ukilala tumboni kila usiku, na mimi nikauacha.

Nimemwambia Mama. Kasema vipimo vya siku hizi havina maana.

Jumanne, 5 Novemba

Imekuja. Baada ya adhuhuri, nachambua. Mama kaona nainuka, kaelewa, na mara ya kwanza tangu mwezi uliopita hakuuliza.

Jumatano, 6 Novemba

Hudhaifa amenipigia. Mama yangu alimwambia mama yake, mama yake akamwambia yeye. Habari ya damu yangu imeshafika Micheweni kabla haijatimiza siku.

Sauti yake ilikuwa laini, ile aliyokuwa akiitumia tukiwa wapya.

"Mardhiya, hebu tuzungumze kama watu wazima. Wewe hunitaki, siyo?"

"Sikutaki."

"Sawa. Mie sitokulazimisha. Ila useme iliharibika."

"Nini iliharibika?"

"Mimba. Useme ilikuwapo, ikaharibika. Basi. Nani atajua? Wanawake hawaharibikiwi? Ukisema hivyo, nakuacha umalize eda yako kwa amani, wallahi sikugusi. Ukisema haikuwapo kabisa, basi mie nimeshakurejea, wewe ni mke wangu, na utakaa hapo kwenu mpaka mvi zikutoke. Sikuachi, wala sikuchukui."

Nikamwambia atanisikia. Nikakata.

Nimekaa na neno hili tangu asubuhi. Ni neno moja tu, "iliharibika", na niko huru. Wala sitaonekana tasa tena, na hilo sikulifikiria mpaka magharibi: nikilisema, na mimi nitapona. Watasema, maskini, ilikuwa imeshika. Posa zitakuja. Mama atainua kichwa harusini. Na huyo Nahla, nisiyemjua, ataingia nyumba ile, na baada ya miaka miwili ataanza kuchemshiwa mizizi.

Nilimchukia Nahla wiki nzima. Leo nimeshindwa.

Jumamosi, 9 Novemba

Baba ndiye aliyewaita. Sikujua. Asubuhi kaniambia tu, "Vaa vizuri, watu wanakuja," na nikadhani amekubali kunitoa.

Alikuja Hudhaifa na mama yake. Akaja Shehe Masoud wa msikiti wetu, aliyetufungisha ndoa. Tulikaa ukumbini, Mama na mimi upande wa mlango wa ndani. Nje karafuu zilikuwa jamvini, na wingu likijikusanya upande wa kisiwa cha Fundo.

Shehe akaomba kuusikia ujumbe. Baba akanipa simu, nikaufungua. Shehe akasema urudiwe. Nikaurudia.

"Umesema 'kama'," Shehe akamwambia Hudhaifa. "Kama ana mimba. Rejea haitundikwi kwenye kama. Mtu humrejea mkewe, au hamrejei. Hapa hapana rejea. Binti huyu bado yumo edani."

Hudhaifa akakaa sawa. "Basi, Shehe, kama ni hivyo, ninaweza kusema sasa hivi bila ya kama."

"Unaweza."

Niliona kinywa chake kinafunguka. Nikasema, "Ngoja."

Mama alinivuta kanga. Sikugeuka.

"Kabla hujasema, waambie ulichonambia Jumatano kwenye simu."

"Mambo ya mume na mke hayo."

"Basi nitasema mimi. Shehe, kaniambia niseme ilikuwapo mimba ikaharibika. Nikisema hivyo ananiacha nimalize eda. Nisiposema ananifunga nisiolewe wala nisikae naye. Ndivyo alivyosema. Mimba haikuharibika. Haikuwapo. Nimepimwa mara mbili Jumatatu, na damu ikaja Jumanne. Mtu asitoke hapa akasema iliharibika."

Bi Siti alimtazama mwanawe, kisha akainamisha kichwa, akawa anakunja ncha ya buibui lake na kuikunjua.

Niliogopa nitalia, na nilikuwa nimeapa sitalia mbele yake, kwa hiyo nikaendelea kusema.

"Sasa nirejee. Shehe yupo, mashahidi wapo. Lakini ukinirejea leo, Jumatatu mimi na wewe tunakwenda hospitali. Mie nimeshapimwa, nitapimwa tena. Na wewe upimwe. Majibu tutayapeleka Konde pamoja, baba yake Nahla ayasome mwenyewe."

Nimemjua mtu huyu miaka sita. Nimemwona kagombana na polisi barabarani, nimemwona kazika baba yake. Sijapata kumwona na uso ule. Hakuwa na hasira. Aliogopa kama mtoto anayengoja sindano, na hapo nikaelewa kuwa anajua, au anashuku, tangu zamani, na miaka yote ile niliyokunywa mizizi alikuwa akinitazama nikiinywa.

Baba akasafisha koo. "Bwana Hudhaifa," akasema, "sema neno lako au uende zako. Mvua inakuja na karafuu ziko nje."

Hudhaifa akasimama. Akavaa viatu vyake mlangoni na kukosea mguu, akavua, akavaa tena. Hakusema neno. Bi Siti alimfuata, na alipopita mbele yangu akasimama kidogo. "Nisamehe mkono wangu," akasema. Nilijua ni mkono upi. Nilimfungulia mlango.

Tulizianua karafuu sote wanne, hata Shehe alikunja kanzu akashika pembe ya jamvi. Alipokuwa anaondoka akanambia taratibu, "Leo hakusema. Lakini anaweza kusema siku yoyote mpaka eda yako iishe. Ulijue hilo."

Nalijua.

Usiku nikamuuliza Baba kwa nini alinyamaza wakati wote ule. Akasema, "Ningesema mie, wangesema Mbarouk kakataa. Nilitaka uwe umekataa wewe." Sijui kama nimekubali. Siku zile zote angeweza kunipa hata neno moja.

Jumatano, 20 Novemba

Jua. Karafuu zimekauka vizuri kwa mara ya kwanza. Kila simu ikilia natazama jina kabla ya kitu chochote.

Jumatano, 4 Disemba

Damu ya pili, kwa wakati wake. Mama alikuwa ananiangalia usoni siku tatu nzima lakini hakuuliza.

Jumanne, 17 Disemba

Tulipokuwa tunachambua, Mama kaniambia kitu ambacho hajapata kuniambia. Kabla ya Baba aliwahi kuolewa, hilo nalijua. Sikujua kuwa mume yule alimwacha, kisha akamrejea.

"Nilikuwa nimekaa hivi hivi, na ungo," akasema. "Kaka yangu akaja akasema, simama, mumeo kakurejea. Nikasimama. Nikanawa mikono, nikaenda. Hapana aliyeniuliza, na mie sikujua kuwa mtu huulizwa."

"Ulitaka kwenda?"

Akafikiri. Alichambua makonyo mengi ya karafuu kabla hajajibu.

"Nilimtapikia njiani," akasema. "Nikidhani ni gari, kumbe ni yeye."

Tukacheka. Sijamsamehe ile simu yake. Lakini tulicheka mpaka Baba akachungulia.

Ijumaa, 3 Januari

Imekuja alfajiri, nilipokwenda kutia udhu. Nilisimama chooni na taa ya simu, nikahakikisha, nikahakikisha tena. Udhu nikauacha, maana sala haikuwa juu yangu tena.

Sikumwambia mtu. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani. Huku wengine wakisali nikafikiri, tangu Oktoba mwili huu umezungumziwa Mtambwe, Micheweni na Konde. Leo kuna jambo lake ninalolijua mimi peke yangu, na nitakaa nalo mpaka jioni. Nikachambua karafuu za mwisho za msimu. Nikapika muhogo. Nikafua.

Watu waliporudi kutoka sala ya Ijumaa simu yangu ikaingia ujumbe.

"Nimekurejea. Safari hii hapana sharti. Ndugu zangu wawili ni mashahidi. Kesho nakuja kukuchukua."

Konde wamemkatalia, nadhani. Sijui. Nilimsomea Baba ujumbe, kisha nikamwambia la alfajiri. Akachukua bakora yake bila ya kula. Mama akajifunga buibui, tukaenda sote watatu kwa Shehe Masoud, tukamkuta barazani kwake bado na kanzu ya msikitini.

Akausoma ujumbe. Akatazama saa uliyoingia.

"Na damu?"

"Alfajiri, Shehe."

"Nani mwengine alijua? Mama yako?"

Mama akatikisa kichwa.

"Nesi? Jirani?"

"Hapana. Mimi tu."

Wakati ule nikaona nilichokifanya: wiki zote wamelijua tumbo langu kabla yangu, na siku pekee niliyolificha ndiyo siku niliyohitaji shahidi. Nilikuwa tayari kusema nipimwe, nichunguzwe, aitwe Saada, aitwe anayetaka. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni.

Shehe akanirudishia simu.

"Jambo hili shahidi wake ni mwenyewe," akasema. "Mungu kawaamini wanawake kwa yaliyomo matumboni mwao. Na wewe ulipewa uongo uliokufaa, ukaukataa nikisikia. Kauli yako inatosha."

Akampigia Hudhaifa papo hapo. Nilisikia upande mmoja tu.

"Umechelewa, bwana. Eda imekwisha alfajiri. Kwa kauli yake. La, hakuna mwengine. La, hatumpimi. Nimekwambia, kwa kauli yake."

Akakata, akaagiza kahawa.

Njiani kurudi Mama akauliza mbona sikumwambia asubuhi, angenishuhudia. Nikamwambia sikutaka. Tulipolipita shamba la minazi akasema, "Haya." Baba alikuwa mbele, bakora mkononi, anatembea upesi kuliko kawaida yake.

Nimefika nyumbani, nimekula muhogo uliopoa, na nimelifuta jina la Hudhaifa kwenye simu. Hasira bado ninayo. Nimeamua sitamwomba mtu radhi kwa hasira hii.